Gari la baba lina ukungu, rangi haijaharibika

Mama mmoja wa Maisaka, mjini Babati, ametuandikia kuhusu kijana wake aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Kijana anashinda kwenye sehemu ya kuoshea magari kando ya barabara kuu, na Jumamosi moja aliamua kumfurahisha baba yake kwa kuipaka nta Noah ya nyumbani. Aliipaka mchana wa jua kali, akaipaka nene, kisha akatumwa sokoni. Aliporudi nta ilikuwa imeganda. Alisugua mpaka mabega yakauma, lakini gari, ambalo ni jeusi, likabaki na ukungu mweupe, michirizi ya kitambaa na alama nyeupe kwenye kila upenyo wa taa na bampa.

Baba hakupiga kelele. Alisema tu kijana asiliguse tena gari lake. Sasa ni wiki ya tatu, na wawili hao wanakula meza moja bila kuongea. Kijana anasema rafiki yake wa kazini atamwazima mashine, ataiondoa nta yote kwa nusu saa. Baba amekataa katakata. Mama anauliza nani yuko sahihi, na mwishoni mwa ujumbe ameongeza jambo dogo kwamba mashine yenyewe ni ile ya kukatia vyuma, iliyofungwa sponji.

Mama wa Maisaka, hilo ulilolitaja mwishoni ndilo kubwa kuliko yote. Kijana wako yuko sahihi kwamba ukungu ule unaondoka na kwamba mashine inaweza kusaidia. Mzee wako yuko sahihi kuikataa mashine hiyo.

Tuanze na linalomuumiza baba, yaani rangi. Haijaharibika. Nta ya gari, iwe ya kopo au ya chupa, ni nta iliyochanganywa na vimiminika vya kuilainisha ili ipakike. Nyingi zina ndani yake nta ya carnauba, inayotokana na majani ya mchikichi mmoja wa kaskazini mashariki mwa Brazil. Ni nta ngumu kuliko nyingine nyingi za asili, inayeyuka kwenye joto la nyuzi 80 na kitu. Ukiipaka, vile vimiminika hupotea hewani, nta inabaki. Rangi inashika tabaka jembamba sana. Inayozidi haina pa kushika, inakaa juu ikisubiri kufutwa. Ukiipaka nene haikai muda mrefu zaidi, unajiongezea kazi ya kufuta tu. Na ukiipaka juani kwenye boneti nyeusi inayounguza kiganja, vimiminika vinakimbia upesi kupita kiasi na ile ziada inakauka kama uji ulioachwa kwenye sufuria. Huo ndio ukungu unaouona. Uko juu ya rangi, hauko ndani yake.

Hapa kuna mkanganyiko wa maneno ambao umewagharimu wengi. Mitaani kwetu kila kinachong'arisha gari kinaitwa polishi. Lakini ndani ya jina hilo kuna vitu viwili tofauti. Nta inafunika, inaongeza tabaka. Polishi yenyewe ina chembechembe ndogo mno za kusaga, na kazi yake ni kukwangua, inapunguza tabaka. Anayechukua kopo bila kusoma, akadhani anapaka nta kumbe anakwangua, anaweza kufanya hivyo kila mwezi kwa nia njema kabisa. Mwambie kijana asome kopo kabla ya kufungua. Kama maandishi ni ya Kijapani au Kiarabu, simu ya mkononi siku hizi inatafsiri picha.

Sasa kwa nini kukwangua kuogopwe? Chukua karatasi moja nyeupe ya kuchapishia, ile ya ofisini, uishike kati ya vidole. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, kuanzia ile ya kuzuia kutu hadi ile ya juu, kwa kawaida ina unene wa karatasi hiyo au zaidi yake kidogo. Na ile vanishi isiyo na rangi, iliyo juu kabisa, inayolipa gari mng'ao na kuikinga rangi na jua, ni kama nusu ya karatasi tu, wembamba kuliko unywele. Kila anayepita na polishi ya kukwangua anachukua kidogo kutoka kwenye nusu karatasi hiyo. Haioti tena. Vanishi ikiisha, hakuna cha kung'arisha. Ni kwenda kwa fundi rangi.

Ndiyo maana ile grenda inanitisha. Grenda ndogo ya kukatia vyuma huzunguka hadi kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya kuzunguka, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, huanzia kama mara 600 na mara nyingi haizidi 3,000, na ina kitufe cha kupunguza kasi. Grenda nyingi za mafundi wetu hazina kitufe hicho, zikiwashwa zinakwenda kasi yote. Sponji ikigusa ukingo wa boneti kwa kasi hiyo, sekunde chache zinatosha kuonesha rangi ya chini. Kwenye bampa ya plastiki ni haraka zaidi, maana plastiki haitawanyi joto kama bati. Na sponji yenyewe haikutengenezwa kwa kasi hiyo, inaweza kuchomoka na kuruka. Nimewasikia vijana wakisema mkono mwepesi unatosha. Hautoshi.

Kuna njia nyingine ya mkato ambayo hakuitaja, lakini naijua kwa sababu iko kila mahali: petroli au mafuta ya taa kwenye kitambaa. Ni kweli vinayeyusha nta. Ni kweli pia kwamba mvuke wa petroli unashika moto kwa cheche ndogo, na mota ya mashine ya mkononi hutoa cheche kila inapofanya kazi. Petroli na mashine ya umeme visikutane kwenye uga mmoja. Halafu kuna chupa. Petroli ikinunuliwa nusu lita huwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikaachwa chini karibu na tairi, na mtoto wa miaka miwili ana kiu. Ikitokea amekunywa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mkimbize hospitali na uende na chupa hiyo.

Turudi kwenye Noah. Nta ya ziada huondolewa kwa ngazi, kuanzia iliyo laini kabisa, na mara nyingi hutahitaji kufika ngazi ya mashine.

Siku ichaguliwe, ya asubuhi mapema au jioni, chini ya mti usiodondosha utomvu au upande wa nyumba wenye kivuli. Weka mgongo wa mkono juu ya boneti. Kama kuna joto, subirini. Gari lioshwe kwanza kwa maji mengi na sabuni ya magari, si ile ya unga ya kufulia, na litoke vumbi lote. Barabara za ndani za Maisaka mnazijua wenyewe wakati wa kiangazi. Chembe moja ya mchanga iliyobaki chini ya kitambaa inachora kama msumari. Kipimo changu ni cha bure: ingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni wa mkate, upitishe taratibu juu ya bati lililokauka. (Ile mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, wa mkate unatosha.) Vidole vitasikia kila punje ambayo jicho halioni. Ukisikia punje, osha tena.

Maji hayo yasiwe ya ukingoni mwa Ziwa Babati. Najua wapo wanaoteremsha magari kwenye mito na maziwa kwa sababu maji ni ya bure, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 shughuli zinazoweza kudhuru ziwa au mto. Na ziwa letu lina viboko, ambao hawasomi sheria.

Baada ya kuosha, ngazi ya kwanza ni kitambaa laini kile chenye manyoya mafupi, kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri, kikiwa kimeloweshwa kidogo tu. Futa eneo dogo, geuza upande mkavu, futa tena. Ukungu mwepesi unaishia hapo.

Usipoisha, ngazi ya pili itamshangaza baba: paka nta tena. Kidogo sana, ile ile aliyoitumia kijana, eneo la ukubwa wa sinia, na ifutwe papo hapo kabla haijakauka. Vile vimiminika vya nta mpya vinailainisha nta iliyoganda, zote zinatoka pamoja kwenye kitambaa. Nina hakika robo tatu ya gari lenu itasafishika hivi hivi, kwa mkono, bila umeme.

Kitakachobaki, kwa kawaida kwenye boneti na paa palipopigwa jua zaidi, ndicho cha mashine. Iwe mashine ya polishi, na kwa anayejifunza iwe ile ambayo sahani yake inazunguka huku ikiyumba nje ya kitovu. Haitulii mahali pamoja, kwa hiyo joto halijikusanyi upesi kama kwenye ile ya kuzunguka tu. Mafundi rangi wazuri wanaijua, na wengine watakubali kuikodisha kwa siku mbele ya mtu mzima.

Kabla ya kuwasha, bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kwenye kingo zote kali za bati, kwenye mipira ya vioo, kwenye nembo na plastiki nyeusi. Kingoni ndiko rangi ilikokaa nyembamba zaidi. Waya wa mashine upite begani, mgongoni, usiburuzike juu ya gari wala kwenye maji yaliyotuama. Kijana avue saa na mkufu, mikono mirefu ikunjwe, avae miwani ya kazi. Kama ni binti, na wapo mabinti wenye mkono mzuri kwa kazi hii, kanga na mtandio vikae ndani ya nyumba kwa saa hiyo.

Jaribio la kwanza ni bila dawa yoyote. Vika sponji kitambaa kisafi kikavu, kasi ya chini kabisa, moja au mbili kati ya sita, na upite juu ya ukungu kwa uzito wa mashine yenyewe. Huhitaji kukandamiza. Msuguano unailainisha nta na kitambaa kinaipokea. Angalia kitambaa kila baada ya muda mfupi, kikijaa badilisha, maana kitambaa kilichojaa nta kinairudisha ilikotoka. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wanalaumu mashine wakati kitambaa kimechoka.

Kama bado kuna michirizi, ndipo polishi nyepesi kabisa ya kumalizia inapoingia, kwa sponji laini. Matone matatu au manne ya ukubwa wa punje ya kunde yanatosha eneo la kiwiko hadi vidoleni kwa kila upande. Mashine iguse bati kabla ya kuwashwa, na izimwe kabla ya kuinuliwa, vinginevyo dawa itaruka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Tandaza kwanza kwa kasi ndogo, kisha kasi ya kati. Mwendo ni wa pole, kulia na kushoto, halafu juu na chini, sponji ikiwa imelala sawasawa. Mizunguko miwili, futa, tazama. Weka mgongo wa mkono, kama bati limekuwa la moto hamia sehemu nyingine. Kuona vizuri, subirini kiza kidogo na mumulike kwa taa ya simu kwa mshazari, utaona kila mstari uliojificha mchana.

Onyo moja hapa. Magari yetu mengi yametumika ng'ambo kabla ya kuja na mengine yamepakwa rangi upya, kwa hiyo usiamini unene wa kiwandani. Kitambaa kikianza kutoka na rangi ya gari, mweusi kwa gari jeusi, simamisha kazi. Maana yake ama gari halina vanishi juu, ama vanishi imekwisha, na unachofuta sasa ni rangi yenyewe.

Mashine isiguse zile plastiki nyeusi zenye alama nyeupe. Hizo zinataka mswaki wa zamani wenye nywele laini na maji ya sabuni ya vuguvugu, na alama ngumu hutoka kwa kifutio cha penseli. Kama kuna mdogo wake wa darasa la tatu au la nne nyumbani, mpeni kifutio na bampa ya nyuma wakati mashine imezimwa, na mtashangaa atakavyotulia.

Sasa baba. Mama, nakuomba usimpelekee ujumbe huu kama hukumu dhidi yake, kwa sababu sivyo. Gari hilo ulisema hukodishwa kwa harusi na safari za Arusha, na ada za wadogo zinatoka humo. Mtu anayeona mkate wa nyumba umepauka ana haki ya kununa. Lakini wiki tatu zinatosha. Mwombe ashike taa ya simu jioni hiyo, basi. Asihutubie, amulike tu na aoneshe palipobaki. Akina baba wengi wa kwetu hawajui kusema nimekusamehe, ila wanajua kusema pitisha tena hapo, na kijana anaelewa.

Tena kijana wako amechagua kazi yenye wateja. Babati iko njia panda, na tangu barabara ya lami kutoka Dodoma, kilometa 251, ilipozinduliwa Aprili 2018, magari ya Dodoma, Singida na Arusha yanakutana hapo, pamoja na yale ya watalii wa Tarangire. Mwenye gari anayelala Babati anataka liamke safi. Kuosha kunalipa kidogo kwa sababu kila mtu anaosha. Anayejua kuitunza rangi bila kuichoma ni wa kutafutwa. Lakini ajifunze kwenye bati la kufa kwanza. Gereji yoyote ina boneti kuukuu nyuma ya ukuta, aombe moja, na aichome makusudi kwa mashine mpaka ajue joto linavyoanza na harufu yake ilivyo. Saa kumi za boneti hiyo ni bora kuliko mwaka wa kujifunzia kwenye magari ya watu.

Na wewe na baba yake mna swali la kwenda kumuuliza tajiri wa pale anapofanya kazi: rangi ya mteja ikichomeka, nani analipa? Vijana wengi hawaulizi mpaka siku inapotokea, na siku hiyo jibu huwa ni mshahara wao wa miezi. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na kijana azoee kulipiga picha gari la mteja pande zote kabla ya kuligusa, ili mkwaruzo wa jana usiwe wake. Kwa wazazi wenye watoto wadogo zaidi wanaoshinda sehemu hizo wakati wa likizo, sheria ya kazi ya mwaka 2004 hairuhusu kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 hapaswi kupewa kazi ya hatari. Mashine ya umeme kwenye sakafu yenye maji ni kazi ya hatari.

Mmoja atauliza kuhusu LUKU. Mashine ya wati 800 ikifanya kazi saa mbili mfululizo inakula kama yuniti 1.6, na ninyi hamtafika saa mbili. Nta mpya ipakwe siku hiyo hiyo, nyembamba mpaka ionekane kama haipo, kivulini, sehemu moja moja. Vitambaa na sponji vifuliwe peke yake kwa sabuni ya maji, visichanganywe na nguo za mtoto mchanga, na vianikwe mbali na vumbi la barabara.